Mashine Imeamka, Mtandao Hakuna

Japuonj,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu wewe mwenyewe hukupenda mtu wa kuzunguka mbuyu. Tangu tukuzike kila mtu anakutaja kwa sauti ya chini, marehemu fundi Odongo, Mungu amlaze pema, na mimi naitikia pamoja nao huku nimeuma meno. Kaburini siwezi kuja kukupigia kelele mbele ya mama yako mzazi. Kwa hiyo nakuandikia, na nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa chetu. Dholuo changu ulikicheka mpaka ukashika mbavu. Ukiondoa neno hilo moja la japuonj, mwalimu, ambalo ulilipenda sana likitoka mdomoni mwangu, hakuna nililowahi kulitamka sawasawa. Kikuria chako nacho kiliishia kwenye kuomba maji.

Nimekaa dukani kwetu hapa Rodi Kopany. Kiti chako nimekisogeza ukutani maana wateja walikuwa wanaogopa kukikalia. Viatu vyangu nimevianika mlangoni. Vimelowa maji ya ziwa kwa sababu nimetoka kule kisiwani, kile kidogo kilicho mbele ya Takawiri, ambako hukunipeleka hata siku moja. Ulikuwa unasema njia ya kule ni mawimbi matupu na mimi mtu wa milima ya Ntimaru nitawatapikia abiria. Nilitapika, ndiyo. Lakini nilifika, nikaona ulichokifanya kwenye ile mashine ya zahanati, na sasa utanisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo ulipokuwa hai lilikushinda kabisa.

Nianze na mazishi yako. Yalijaa, ungefurahi. Mwenyekiti wa ile shule ya huku juu alishika kipaza sauti akasema, "Huyu alikuwa daktari wa kompyuta. Mashine ilikuwa ikisikia tu sauti yake, inanyooka." Watu wakapiga makofi. Akaendelea, "Bila Odongo sisi tumepotea." Wakaguna, wengine wakajifuta macho. Nilikuwa nimekaa chini ya hema karibu na mkeo, Min Achieng, mama wa binti yenu Achieng. Nilijua watapotea kweli. Nilijua pia ni nani aliyewapangia wapotee.

Haya, nitakusomea kosa lako kama hakimu, ulisikie likitoka kwa mtu mwingine. Mashine hizi za Unix ukiziamuru kwa mkono, ukaandika ifconfig, ukataja kadi ya mtandao, ukaipa anwani yake na kuiambia iamke, inaamka pale pale. Mtandao unapita, mteja anatabasamu. Lakini hiyo amri mashine inaishika kichwani tu. Stima ikipotea, ikizima na kuwaka tena, imesahau kila kitu, kadi imelala, haina anwani wala haijui njia ya kutokea nje. Ukitaka ikumbuke, unafungua faili lake la mtandao na kuandika mle zile zile nambari, na kila inapowaka inajisomea yenyewe. Si kazi ya maana. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza chuoni anaijua.

Na wewe hukuwaandikia. Kote ulikopita ulitoa amri kwa mkono, ukapokea asante, ukaondoka ukijua kwamba stima ya huku kwetu haikai, na ikirudi watakupigia simu.

Nakumbuka siku niliyogundua. Tulikuwa Ntimaru, kwa yule mwenye duka la mbegu na mbolea aliyenitambulisha kwako. Nilikuwa nimeshafungua faili, naanza kuandika, mkono wako ukaja ukafunika kibodi. "Hapana, nyar Kuria. Hiyo usiandike. Ukiandika hapo umejifukuza kazi." Binti wa Kuria, ndivyo ulivyoniita, nikadhani ni mzaha wako wa kawaida. Tulipotoka tukaingia hotelini, ukaagiza samaki, na ukanieleza habari ya shule moja ya Migori uliyoifanyia kazi ukiwa kijana. Uliwapangia kila kitu, ukawaandikia kila faili, mashine zikakaa bila kusumbua. Uliporudi kuwasalimu, mlinzi wa geti akakuuliza unamtafuta nani. Mwalimu mkuu akatuma neno kwamba mashine ziko sawa, hawahitaji mtu. "Niliandika yote, wakanisahau," ukaniambia, huku unachomoa mwiba kwenye samaki. "Heri mashine isahau, wasinisahau mimi."

Nilikuhurumia. Hiyo ndiyo ilikuwa hila yako, Japuonj. Ulikuwa na namna ya kusema jambo baya mpaka mtu anakuhurumia na kukuongezea ugali.

Na nilikupenda, usinielewe vibaya. Tuligombana kila siku na nilikuja kazini nikiitamani hiyo vita. Mimi nilitoka chuoni nikiwa na amri mpya ya ip, wewe ulikuwa na ifconfig yako. Nilikuwa nikikwambia hiyo ifconfig imezeeka, mifumo ya sasa haiji nayo, mpaka uitafute uiongeze mwenyewe. Ukanijibu, "Hata mimi nimezeeka na bado nakuja." Kisha unacheka, unakohoa, unatumbukiza sukari nyingine kwenye chai. Nani atanibishia sasa? Jana niliandika ip addr hapa dukani na nikageuka nyuma nikungoje useme kitu. Nilijikasirikia kwa kugeuka.

Hata mwili wako uliuendesha vivyo hivyo. Daktari alikwambia dawa za presha ni za kila siku, hata ukijisikia mzima. Wewe ulizimeza siku kichwa kikiuma. Kikitulia, unazirudisha kwenye droo pamoja na skrubu na vichwa vya waya, bado zimo, nimeziona asubuhi. Nilikwambia mimi, Min Achieng alikwambia mpaka akachoka. "Si nimepoa? Nameza dawa ya nini na sina kitu?" Ukaanguka hapo sokoni mchana kweupe, umebeba koili ya waya begani. Hospitalini walisema ni kiharusi. Mimi nasema ni ukaidi, na sitabadilisha.

Basi. Baada ya kukuzika, stima ikaanza ule mchezo wake wa kwenda na kurudi. Na simu yako ikaanza kulia.

Simu ilikuwa kwa Min Achieng, ameifunga kwenye pindo la leso. Kila aliyepiga alisema neno lile lile kana kwamba walikaa kikao: "Hallo fundi, mashine imeamka lakini mtandao hakuna." Wengi hawakuwa na habari kwamba umekufa. Mke wako ikabidi amwambie mmoja baada ya mwingine, na kila anayeambiwa anapiga mayowe upya, na yeye anaanza kulia upya. Mwishowe akaizima simu na kuisukuma chini ya godoro. Simlaumu. Hata mimi ningeizima.

Simu ikiwa bado chini ya godoro, ikaja ile mvua kule kisiwani.

Ilikuwa mvua ya alasiri, yenye radi. Sola ikayumba, mashine ya zahanati ikazima, ikawaka. Ile mashine unaijua, ina kadi mbili, moja inatazama antena inayoongea na mnara wa ng'ambo, nyingine inagawa mtandao humo ndani kwa wauguzi. Zote mbili ziliamka hazina anwani. Na siku hiyo Sista Adhiambo, yule muuguzi mkuu, alikuwa na mama wa kujifungua anayetokwa na damu. Siku zote Sista huandika ujumbe kwenye kompyuta, hospitali ya ng'ambo inajibu, boti ikifika gatini inakuta gari na daktari ameshajua. Siku hiyo aliandika na ujumbe haukwenda. Simu ya mkono huko inashika juu ya ule mwamba nyuma ya kanisa tu. Akamtuma mwanamume apande na mvua ile. Akarudi ameloa chapachapa, hakupata hata mstari mmoja wa mtandao. Wakampakia mama kwenye boti hivyo hivyo.

Walifika gatini, hakuna gari, hakuna mtu anayewangoja. Wakaanza kutafuta gari huku mama amelala kwenye mbao za boti. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Sista anasema huenda mtoto asingepona hata kama gari lingekuwepo. Huenda. Nimekuwa nikilitafuna neno hilo tangu nilisikie na halimezeki. Kama ungeandika lile faili kusingekuwa na huenda yoyote, tungejua. Umetuachia huenda, mimi na Sista na huyo mama, halafu wewe umelala.

Sista alikupigia tena na tena na simu imezimwa, mpaka siku Min Achieng alipoitoa chini ya godoro na kuiwasha, akaisikia habari hiyo yote peke yake. Akaniita nyumbani. Alikuwa amekaa kwenye kile kigoda cha jikoni na hakuinuka. "Nyathina, mwanangu, chukua hii simu. Wewe ndiye fundi sasa."

Nikamwambia nitaichukua, na kwamba nitazunguka kote ulikopita, kuanzia kisiwani, niandike mafaili, mashine zisisumbue mtu tena. Akanishika mkono. Nilidhani ananishukuru.

"Usizimalize zote, nyathina. Hiyo ya kisiwa ni sawa, lakini hata hiyo, angalia. Wakipiga, unaenda, wanakupa kitu, unatuletea kidogo. Ukizimaliza, Achieng atasoma na nini? Sisi tutakula nini?"

Hakusema kwa ujanja. Alikuwa anaangalia debe la unga. Na hata mimi nakula hapo hapo, kodi ya hili duka inatoka kwenye usahaulifu wa mashine zako. Hapo ndipo nilipokuchukia, Japuonj. Kwa kukaa wewe kimya na kumwacha mwanamke huyu aseme maneno hayo kwa mdomo wake. Achieng alikuwa nje anapiga deki baraza na alisikia kila kitu.

Nilikwenda kisiwani shingo upande. Sista Adhiambo hakunisalimia vizuri. "Wewe ndiye wa Odongo?" akaniuliza, na nikasema ndiyo, mimi ndiye wa Odongo. Akanionyesha kiti kwa kidole.

Niliandika ifconfig, maana kwenye mashine hiyo ulikuwa umeiweka mkongwe wako. Ikanionyesha kadi moja tu, ile ya ndani kwa ndani ambayo kila mashine inayo ya kujisemesha yenyewe. Nikaiambia inionyeshe zote, hata zilizolala, na zile mbili zikajitokeza, zipo, waya zimechomekwa, hazina anwani. Na anwani sikuzijua. Kwingine kote nilikuwa naandika nawe, nambari zimo kichwani mwangu, lakini kisiwani ulikwenda peke yako na ukazikwa nazo. Nikafungua lile faili la mtandao nikitegemea kulikuta tupu. Nilitaka tu kuhakikisha kabla sijaanza kubahatisha.

Halikuwa tupu.

Uliandika. Japuonj, uliandika! Kadi ya kwanza na anwani yake, kadi ya pili na yake, njia ya kutokea nje, kila mstari umekaa sawa kuliko vile ulivyowahi kunifundisha. Hata ukaweka maelezo kwa Kiswahili chako, "hii inaenda ngambo", "hii ni ya nyumba". Halafu mwanzoni mwa kila mstari, ukaweka ile alama ya hash, #, ambayo mashine ikiiona inadhani ni maneno ya binadamu na inapita bila kusoma. Ulitengeneza mlango mzuri, ukaufunga na kujaribu kama unafunguka, kisha ukaupigilia misumari. Na nakujua, lazima ulijaribu. Uliizima mashine, ukaiwasha, ukaona inajikumbuka yenyewe, ukaona ni nyumba ya wazazi na watoto hii, ukakaa ukafikiri. Halafu ukaanza kuweka alama, mstari kwa mstari, mpaka mwisho.

Nilipiga meza. Sista akaruka.

Ningekuwa na ile imani ya kwamba hukujua, ningekulilia kama wengine. Ulijua. Ulifika mpaka mlangoni pa jambo jema ukarudi.

Na sasa nikwambie kitu ambacho Min Achieng sijamwambia. Niliziona zile nambari, na mkono wangu ukaanza kutoa amri kama ulivyonizoesha. Ifconfig, kadi ya kwanza, anwani, amka; kisha ya pili, kisha njia ya kutokea nje. Taa ikawaka. Mtandao ukaja. Sista akasema asante, kwa mara ya kwanza akatabasamu. Ningeweza kufunga kila kitu hapo. Ningemwambia ni radi iliyoharibu, nipigie ikirudia, angeamini. Simu yako ilikuwa mfukoni mwangu, imechajiwa vizuri, na maneno ya Min Achieng yako masikioni.

Nikainuka nijinyooshe. Kwenye benchi la nje alikuwa amekaa mwanamke kijana, amejifunga leso kifuani, ameikaza kwa nguvu, na juu ya leso kuna madoa mawili ya maji. Nikamuuliza Sista kwa macho. Ndiye yule mama wa boti. Alikuja kutazamwa, maziwa bado yanakuja na hayana mtu wa kuyanyonya. Hakunijua mimi ni nani. Akanisalimia kwa heshima, "Oyawore," na mimi nikaitikia kwa matamshi yangu mabovu, na akacheka kidogo, Japuonj. Alinicheka kama ulivyonicheka wewe.

Nilirudi ndani nikafuta alama zako zote. Nilizifuta kwa hasira mpaka nikafuta na herufi ambazo hazikuwa na hatia, ikabidi nirudie. Kisha nikamwambia Sista nataka kuizima mashine. Akakataa, akasimama mbele yake. "Si imepona? Unaizima ya nini?" Nikamwambia kila kitu. Sikukufunika hata kidogo. Nilimweleza faili ni nini, alama ni nini, nani aliweka na kwa nini. Akanisikiliza, akaondoka mbele ya mashine, na mimi nikaizima, tukangoja, nikaiwasha.

Hakuna aliyegusa kibodi. Ilinguruma, ikajisomea, taa ya kadi ya kwanza ikaja, ya pili ikaja. Sista akaandika ujumbe kwenda ng'ambo na ng'ambo wakajibu, "Tumewapata." Akakaa kitini, ameshika shavu. Baadaye akasema, "Labda alikuwa anangoja siku ya kuzitoa hizo alama." Ni mama mwema. Siku gani, Japuonj? Ulikuwa unangoja siku gani?

Nimepitia kwa Min Achieng leo asubuhi nikamweleza, Achieng akisikia, habari ya zile alama za hash, kwamba kisiwani nimezifuta, na kwamba na kwingine nitamaliza. Hakunigombeza. Aliniwekea uji, akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba. Nimemwambia mlangoni kwamba shule ya Achieng tutaibeba pamoja, kwa kazi mpya, kwa kuvuta waya, kwa kufunga antena, kwa chochote. Pengine haniamini, na sijui kama mimi mwenyewe najiamini. Achieng ndiye aliyenisindikiza mpaka barabarani, na akaniuliza kama ile alama inapatikana kwenye kibodi ya simu. Nikamwonyesha.

Nakuahidi hivi, na ukitaka kasirika huko uliko. Nitakwenda Ntimaru, nitakwenda shuleni kwa yule mwenyekiti wa makofi, nitazunguka hapa Rodi nyumba kwa nyumba. Ulipoacha patupu nitaandika, ulipoweka alama nitafuta. Kila mashine nitaizima mbele ya mwenyewe na kuiwasha tena. Watanisahau, najua. Nikipita getini mlinzi ataniuliza namtafuta nani. Na aulize.

Na siku simu yako itakapokaa bila kulia, nitaizima na kumrudishia mkeo. Hapo ndipo nitakuja kaburini nikulilie vizuri, maana mpaka leo sijakulilia, hasira haijanipa nafasi. Nitakuja na chai yenye sukari unayoitaka.

Haya, inalia tena. Ni mtu wa mbegu, wa Ntimaru. Najua atakalosema.

Lala, Japuonj. Naichukua mimi.

Wako,
Boke